Boti nyembamba, mifereji ya Uingereza: ukiongeza moto mwendo hauongezeki. Tatizo ni maji, rafadha (pangaboi la kusukuma boti) au nahodha?

#1 KanaMkononi
Wakuu, salaam. Swali kwa wanaoijua mifereji ya kule.

Boti ya chuma ya futi 57, dizeli ya nguvu za farasi 38, inazama sentimita 72 hivi. Mahali ni mkono (tawi la mfereji) wa Market Harborough, unaotoka mjini hadi chini ya loki za Foxton, vile vyumba vya maji vyenye malango vinavyopandisha na kushusha boti. Mizunguko 1,300 kwa dakika inatoa maili 2.8 kwa saa kwenye GPS. Pandisha hadi 1,700, unapata 2.9. Ingia chini ya daraja na mizunguko ileile 1,700, unashuka hadi 2.3. Tezi (sehemu ya nyuma ya boti) inazama, nyuma ni povu tupu, wimbi linapasuka ukingoni. Sheria inaruhusu maili 4 kwa saa. Hizo 4 zinapatikana wapi?

Swali la pili: kutoka Market Harborough asubuhi, kupanda loki zote 10 za Foxton, kushuka na kurudi mjini kabla ya giza. Siku moja inatosha?

#2 PovuLaTezi
Punguza moto. Uzi ufungwe.

#3 FundiGrisi
Namba 2, haraka ya nini? Kabla ya kulaumu mfereji, angalia rafadha. Chini kuna kitu kimejisokota: mfuko wa plastiki, kamba, suruali, hata waya wa godoro.

Anza na lililo rahisi. Rudisha moto, weka nyutro, subiri boti ipoe mwendo, kisha piga rivasi kwa nguvu sekunde mbili tatu. Majani na mifuko mara nyingi hutupwa hapo hapo. Msimu wa majani kupukutika, maji yanakuwa kama uji wa majani, na hiyo rivasi utaipiga kila baada ya robo saa.

Isipotoka, funga boti ukingoni. Zima injini, chomoa ufunguo, uutie mfukoni mwako mwenyewe, si kwenye meza. Fungua sakafu ya tezi. Juu ya rafadha kuna sanduku la chuma lenye kifuniko na pau ya kubana. Mdomo wa sanduku uko juu ya usawa wa maji, kwa hiyo ukifungua boti haizami. Vaa glovu ndefu, ingiza mkono, papasa shafti kwanza kisha mabawa moja moja. Kisu cha meno kinakata kamba, koleo inakata waya.

Sasa sikiliza: ukirudisha kifuniko, kagua mpira wake, kaza pau mpaka mwisho. Washa, tia gia ya mbele taratibu huku unatazama sanduku. Rafadha ikizunguka inasukuma maji juu, na kifuniko kilicholegea kinamwaga maji ngamani (chini kabisa ndani ya boti) kwa kasi kuliko pampu inavyoyatoa. Boti zimezama kwa kosa hili, kwenye maji ambayo ukisimama yanakufika kiunoni.

#4 MzeeWaNgama
FundiGrisi kasema kweli kuhusu kifuniko, ila dalili za namba 1 si za uchafu. Rafadha iliyofungwa inatetema, inatoa moshi mweusi na injini inapanda joto. Yeye anasema povu, tezi kuzama, na mwendo kushuka chini ya daraja. Hayo ni maji.

Boti hizi zina upana wa futi 6 na inchi 10, karibu mita 2.08. Ikizama sentimita 72, inaziba mita za mraba 1.5. Chukua mfereji wenye upana wa mita 8 juu, wenye umbo la bakuli, maji yake mita za mraba 7 hivi. Umeziba zaidi ya moja ya tano. Ukisogea mbele, maji yaliyokuwa mbele yako hayana pa kwenda ila kukuzunguka pembeni na chini, yarudi nyuma. Yakikimbia, usawa wake unashuka. Boti inashuka nayo. Ikishuka, njia ya maji inabana zaidi, yanakimbia zaidi, usawa unashuka tena. Tezi ndiyo inayozama kwanza kwa sababu rafadha nayo inanyonya pale pale.

Kuna fomula ya Mholanzi Schijf ya kikomo cha mwendo wa chombo ndani ya mfereji. Tia namba hizo na unapata mita 1.34 kwa sekunde, yaani kilomita 4.8 kwa saa. Maili 3 kamili. Na huo ni ukuta: kadiri unavyoukaribia, moto unaouongeza unachimba shimo tu na kuogelea ndani yake.

Chini ya daraja mfereji unabanwa ukabakia upana wa boti na ziada kidogo. Ndiyo maana 2.3.

#5 YakheWaPwani
Mashallah, injini farasi thelathini na nane na anapitwa na bibi anayemtembeza mbwa ukingoni 😂

#6 KanaMkononi
Ahsanteni. Namba 3: mtetemo hakuna, moshi mweusi hakuna, joto limetulia. Namba 4: kama ni ukuta wa maili 3, kwa nini kuna boti nyingine za futi 57 zinakwenda 3.3 kwenye mkono huohuo bila povu?

#7 BiUpondo
Kwa sababu boti si matofali ya kiwanda kimoja. Uliza mambo mawili.

La kwanza, chini ya maji tezi inakonda kwa urefu gani? Fundi aliyeunda mkonde mrefu anaiachia rafadha maji mengi yaliyotulia. Aliyekata mkonde mfupi ili apate chumba kikubwa zaidi, rafadha inazunguka nyuma ya ukuta na inagombania maji. Hiyo inatoa povu hata penye kina.

La pili, tangi la maji safi liko omo (mbele ya boti), na boti nyingi za ukubwa huo hubeba lita 500 au zaidi. Tangi likiwa tupu, nusu tani imetoka mbele: omo inanyanyuka, tezi inakwenda chini. Boti iliyopimwa sentimita 72 na tangi limejaa haizami 72 tangi likiwa tupu. Jaza maji kisha upime upya.

#8 FundiGrisi
Namba 7, nakuunga mkono nusu. Ukijaza tangi kupita kiasi kwenye boti iliyokwisha wekewa mawe mengi ya uzito mbele, tezi inanyanyuka mpaka lile bamba la juu ya rafadha linatoka majini. Hapo rafadha inavuta hewa: inaguruma, mizunguko inapanda, msukumo hakuna. Povu la hewa na povu la maji kukosekana yanafanana kwa macho. Yanatofautiana kwa sauti.

Halafu hamjagusa rafadha yenyewe. Yenye mkunjo wa mabawa mkali kuliko inavyotakiwa na gia inalemea injini mapema, yenye mkunjo mdogo inapiga kelele bure. Ukisikia mizunguko 1,700 kwa maili 2.9, mimi nashuku mkunjo mdogo.

#9 MzeeWaNgama
Mkunjo mdogo haufanyi boti ipunguze mwendo chini ya daraja.

#10 FundiGrisi
Na daraja halielezi kwa nini mwenzake anakwenda 3.3 mkono huohuo. Tunazunguka.

#11 MkokotaFarasi
Mmesahau nahodha. Mfereji wa bakuli una kina katikati tu, na katikati ya maji si katikati ya upana. Penye kona, mkondo mzuri uko upande wa nje, kwa ndani tope limekaa. Mkono wa Market Harborough umepinda kufuata usawa wa ardhi, kona ni nyingi. Anayeogopa matawi anakata kona kwa ndani na tumbo la boti linakwaruza tope mita 20 bila yeye kuhisi. Ishara yake ni maji ya kahawia yanayochemka nyuma, na omo kuvutwa upande wenye kina hata ukishika kana (mkono wa usukani) sawasawa.

Ukikutana na boti: pita kulia, kushoto kwenu kwa kushoto. Usikimbilie ukingo mapema. Baki katikati mpaka mwachane kwa urefu wa boti mbili tatu, sogea kiasi, na mwenzako akishapita rudi katikati. Wanaojibanza ukingoni mita 100 kabla ndio wanaokwama.

#12 PovuLaTezi
Na wakikwama? Kwa faida ya msomaji.

#13 BiUpondo
Usiongeze moto mbele, utapanda zaidi. Rudi ulikotoka kwa rivasi ya taratibu, wote ndani wahamie upande wenye kina ili boti iegemee. Upondo (mti mrefu wa kusukumia boti) unaulaza pembeni, unasukuma chini kwenye kitu kigumu, nawe umesimama ili ukiteleza uangukie ndani ya boti. Usisukume ukingo kwa mguu wala kwa mkono. Futi 57 ni tani 17 hivi, mfupa hauna hoja mbele ya tani 17.

Na rivasi haina usukani. Boti hizi zinageuka tu rafadha inapotupa maji kwenye usukani. Ukirudi nyuma, omo inakwenda inapotaka, hasa kukiwa na upepo, maana ubavu wake ni bapa kama ukuta wa banda.

#14 YakheWaPwani
Nanga je? Nahodha bila nanga?

#15 MkokotaFarasi
Mferejini nanga haina kazi, utaokota baiskeli. Mtoni ndiyo lazima: Trent, Severn, Thames, injini ikizima mkondo unakupeleka kwenye bwawa la kumwagia maji. Mferejini unafunga kwa kulabu zinazokaa nyuma ya vyuma vya ukingo, na pasipo vyuma unapigilia mambo (vigingi) mbili ardhini zikiwa zimeegemea mbali na boti. Kamba ya omo iende mbele, ya tezi iende nyuma, kwa pembe ya nyuzi 45. Kamba ya katikati ni ya kusimamia tu. Ukiiacha imekaza, kila boti inayopita inainamisha yako.

#16 MzeeWaNgama
Hapo ndipo ushahidi wangu ulipo. Simama ukingoni utazame boti iliyofungwa wakati mwenye haraka anapita. Kabla hajafika, maji yanapanda kidogo na iliyofungwa inasogea mbele inavyokwenda yake. Akiwa sambamba, maji yanashuka kwa kipimo cha kiganja, tope la ukingo linaonekana, na boti yote inavutwa kinyume. Akishapita inarudishwa kwa kishindo. Mambo zinang'oka kwa hiyo mivuto miwili, si kwa mawimbi. Kwa hiyo punguza moto mapema, urefu wa boti tatu au nne kabla ya ile ya kwanza. Ukipunguza umekwishafika sambamba nayo, maji uliyokwisha yasukuma bado yanakuja.

#17 LokiNaChai
Nirudi kwenye swali la pili, limeachwa. Kanuni ya kawaida: jumlisha maili na loki, gawa kwa 3, unapata saa. Market Harborough hadi Foxton ni maili 5 na nusu, kwenda na kurudi 11. Loki 10 kupanda, 10 kushuka. 11 na 20 ni 31, gawa kwa 3: saa 10 na dakika 20. Kwa mgeni, hapana.

#18 MkokotaFarasi
Kanuni hiyo inafaa loki moja moja. Foxton ni ngazi: seti mbili za loki tano, na ndani ya kila seti lango la chini la loki moja ndilo la juu la inayofuata. Huingii na kutoka, unahama chumba hadi chumba. Zamu yako ikifika, zote 10 huchukua dakika 45 hadi saa moja. Saa nne za safari, mbili za loki, jumla sita.

#19 LokiNaChai
"Zamu yako ikifika." Hapo ndipo siku inapoliwa. Boti haziwezi kupishana ndani ya ngazi, zinapishana tu kwenye kidimbwi cha kati, kati ya seti mbili. Mlinzi wa loki anapeleka kundi juu, halafu kundi chini. Jumamosi ya kiangazi unaweza kusubiri kuliko unavyosafiri. Nashikilia kumi zangu.

#20 KanaMkononi
Hatua zenyewe za Foxton zikoje? Nasikia kuna rangi.

#21 LokiNaChai
Fika, funga boti kwenye nafasi ya kusubiri, mtafute mlinzi kabla ya kugusa chochote. Hilo si adabu tu. Ngazi ikianzwa vibaya, chumba kimoja kinafurika na kingine kinakauka na boti ndani.

Pembeni ya ngazi kuna vidimbwi. Kila hatua ina vifungulio viwili, padeli nyekundu na padeli nyeupe. Nyekundu inatoa maji ya kidimbwi kuyaingiza chumba cha chini. Nyeupe inatoa maji ya chumba cha juu kuyarudisha kidimbwini. Nyekundu kwanza, nyeupe baadaye, uwe unapanda au unashuka. Ukianza na nyeupe, kidimbwi kilichojaa kinapokea maji yasiyo na pa kukaa na njia ya miguu inakuwa mto.

Kifaa chako ni windilasi, mkono wa chuma uliopinda wenye tundu la mraba. Ukishainua padeli hakikisha kidole cha kuzuia kimeingia kwenye meno ya gia, kisha TOA windilasi kwenye mhimili. Ukiiacha na kidole kikateleza, padeli inaanguka na windilasi inazunguka kama panga. Inavunja mkono au inaruka majini. Beba mbili.

#22 BiUpondo
Na kizingiti. Ni kosa linalozamisha boti ndani ya loki kuliko jingine lolote. Chini ya lango la juu kuna kizingiti cha zege au mawe kilichojitokeza. Loki ikiwa imejaa hukioni. Unaposhuka, maji yakipungua na tezi yako imekaa juu yake, tezi inabaki, omo inashuka, maji yanaingia mbele. Dakika moja au mbili. Ukutani kuna mstari mweupe: tezi iwe mbele ya mstari muda wote, injini ikiwa gia ya mbele taratibu. Aliyeko kwenye padeli asiangalie simu, amwangalie mwenye kana. Ikinasa: shusha padeli za chini KWANZA, halafu ndiyo ujaze kutoka juu, polepole.

Kamba usiifunge kwenye nguzo ukishuka. Izungushe mara moja, uishike mkononi, uiachie kadiri boti inavyoshuka. Iliyofungwa inaning'iniza boti.

Kupanda hatari ni nyingine: fungua padeli nusu, subiri maji yatulie, ndipo umalizie. Ukifungua yote kwa pamoja boti inavutwa mbele na omo inapiga kizingiti au kunasa chini ya boriti ya lango.

#23 YakheWaPwani
Nimechoka na loki nikiwa kitini. Hawakuwa na njia nyingine?

#24 MkokotaFarasi
Walikuwa nayo, papo hapo Foxton. Mwaka 1900 walifungua mteremko wa reli wenye matangi mawili ya maji, boti zikiwa ndani, moja linapanda jingine linashuka, injini ya mvuke inavuta. Kilima kilekile cha mita 23 kilimalizwa kwa dakika 12. Kabla ya vita vya kwanza ulikuwa umekwisha achwa: biashara haikuja ya kutosha na mvuke haukuzimwa, moto unakula makaa boti ziwepo zisiwepo. Loki za mwaka 1814 zinafanya kazi hadi leo.

#25 PovuLaTezi
Kwani nani aliamua boti ziwe nyembamba hivi? Brindley, yule mhandisi wa mifereji, sivyo? Angeongeza futi moja tungekuwa tunalala vizuri.

#26 LokiNaChai
Brindley ndiyo, kwenye mfereji wa Trent na Mersey, sheria yake ya 1766. Loki futi 7 kwa 72. Sababu ni handaki la Harecastle, zaidi ya mita 2,600 chini ya kilima. Kila futi ya upana ilikuwa mawe zaidi ya kuchimba kwa mkono na baruti. Alifariki 1772, Henshall shemeji yake akamalizia, ukafunguliwa 1777.

#27 MzeeWaNgama
Sababu ni maji. Loki nyembamba yenye kina cha mita 2.4 inamwaga mita za ujazo 110 hivi kila inapotumika. Ipanue mara mbili, unamwaga mara mbili. Juu ya kilima maji yanatoka wapi?

#28 MkokotaFarasi
Wengine wanasema alizoea vyombo vyembamba vilivyoingia mgodi wa makaa wa Worsley. Lakini mfereji wenyewe wa Bridgewater uliotoka Worsley ulikuwa mpana, kwa hiyo hoja hiyo inachechemea.

Na msimtwike Brindley loki za Foxton. Alikuwa kaburini miaka 42 zilipofunguliwa. Loki za kutoka Leicester kuja chini ya Foxton ni pana, na njia kuu ya mfereji wa Grand Union kusini ni pana. Katikati wakaweka loki za Foxton na za Watford (ya Northamptonshire) nyembamba, kama shingo ya chupa. Hapo nakubali maji ya namba 27, pamoja na pesa.

#29 LokiNaChai
Pesa ndiyo handaki langu. Tunasema kitu kimoja.

#30 MzeeWaNgama
Hatusemi kitu kimoja.

#31 KanaMkononi
😂 Wakuu, na kugeuza? Futi 57 kwenye mfereji wa mita 8.

#32 BiUpondo
Futi 57 ni mita 17.4, huwezi kugeuza popote. Tafuta kwenye ramani alama ya mahali palipochimbwa upande mmoja kwa ajili ya kugeuzia, na usome urefu ulioandikwa, baadhi haziipokei boti ndefu. Ingiza omo kwenye shimo mpaka iguse taratibu, kana isukume mpaka mwisho, moto kidogo mbele: tezi inazunguka. Ikipita nusu, rivasi, nyoosha. Kukiwa na upepo, uache ukusaidie: omo ndani, upepo unaisukuma tezi.

Kumbuka boti inazungukia tumboni si omoni. Ukisukuma kana kulia, omo inakwenda kushoto na tezi inafagia kulia. Aliyeegesha pale anakutazama.

#33 PovuLaTezi
Hilo la upepo ndilo lililolipa shimo la kugeuzia jina kwa Kiingereza, "winding hole". Wenyewe wanalitamka kama neno la upepo.

#34 LokiNaChai
Au ni neno la kuzungusha, matamshi yakapotoka. Maneno mawili yanaandikwa sawa, kila upande una watu wake.

#35 YakheWaPwani
Sisi tungeliita geuzo tukalala.

#36 FundiGrisi
Kabla hamjalala: mwisho wa siku, injini imezimwa, zungusha mkono wa kikombe cha grisi cha shafti mpaka uhisi ugumu, zamu moja au mbili. Shafti inapotoka nje ya boti kuna ufungio wa nyuzi za grafiti. Tone moja moja injini ikifanya kazi ni sawa. Likiendelea baada ya grisi, kaza nati mbili kidogo kidogo, robo kwa robo, sawasawa pande zote. Ukikaza sana shafti inachemka na kulika. Asubuhi angalia mafuta ya injini, ukanda wa alteneta na ngama kabla ya kuwasha. Dizeli kadiria lita moja hadi moja na nusu kwa saa ukienda kistaarabu. Kwa mizunguko 1,700 ya namba 1, sijui anatajirisha nani.

#37 KanaMkononi
Nimeelewa. Jaribio: kipande kimoja kilichonyooka, hakuna upepo, mizunguko 1,000, 1,200, 1,400, 1,600, dakika tano kila mmoja, GPS. Halafu kurudi kwa kipande kilekile. Nitaweka namba hapa.

#38 MzeeWaNgama
Pima na kina kwa upondo, katikati na ubavuni. Baada ya 1,400 mstari utalala.

#39 FundiGrisi
Utalala 1,400 kwa rafadha hiyo. Badilisha rafadha tuone.

#40 BiUpondo
Na uandike kiasi cha maji kilichomo kwenye tangi la omo, la sivyo hatupokei majibu.

#41 PovuLaTezi
Mimi nilisema namba 2.